Jinsi ya Kumbeba Mtu Hadi Magadi Mkafika Mngali Mnaongea

Pikipiki ya silinda moja iliundwa kwa ajili ya mtu wa mbele. Yeye ndiye aliyepewa usukani, vioo, breki zote mbili, kikinga upepo na sehemu pana ya kiti. Wa nyuma alipewa sponji iliyobaki, vikanyagio viwili vinavyotetemeka, na mgongo wa mwenzake wa kuutazama kwa saa tatu. Shimo likija halioni. Breki ikikanyagwa haambiwi. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo moja: anayeteseka zaidi safarini ndiye asiye na la kufanya, kwa hiyo mwendo uwe wa kuitunza shingo yake, si wa kukufurahisha wewe.

Njia yetu ni ile ya watu wa Kitengela, Kenya. Unashika Barabara ya Namanga hadi Isinya, unakata kulia kuelekea Kiserian, Kiserian unajaza tangi na kukata kushoto, unapanda hadi Kona Baridi kwenye bega la kusini la Milima ya Ngong, halafu dunia inafunguka mbele yako na unaanza kuteremka Bonde la Ufa mpaka Ziwa Magadi. Ni takriban kilomita 150. Unatoka kwenye upepo wa nyanda za Kapiti, unapita mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unamalizia kwenye mita 600 hivi ambako joto hufika nyuzi 40. Safari yote hiyo abiria wako ataifanya akiwa amevaa nguo zilezile usiposimama, maana pikipiki ikishaondoka hawezi kuvua jaketi.

Pikipiki ninayoizungumzia ni ya kati, cc 250 hadi 450. Tuchukue Royal Enfield Himalayan ya kwanza, iliyotoka India mwaka 2016 ikiwa na cc 411 na nguvu za farasi 24. Ina uzito wa kilo 190 na kitu. Ni farasi mara mbili ya zile za Boxer 150 zilizopanga foleni stejini Kitengela, na ndiyo maana mwenye nayo hujiona amefika. Hajafika. Amepata injini tu.

Anza kwa kwenda stejini

Kabla hujambeba mtu yeyote, nenda steji ya bodaboda asubuhi, saa moja hivi, usimame kando utazame. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, nchi ilijaa pikipiki, na vijana waliozinunua wamekuwa wakibeba watu tangu kupambazuka hadi usiku. Mtazame kijana mzuri wa steji anapompakia mama mwenye mfuko wa sukuma mkononi. Anasimamisha pikipiki ikiwa wima. Miguu yote miwili iko chini. Hasemi neno mpaka mama ametulia, mfuko umekaa pajani, leso imekunjwa chini ya goti. Kisha anaachia klachi polepole, na mama haondoki kwa kurushwa, anaondoka kwa kuchukuliwa.

Sasa mtazame bwana wa Jumapili, mwenye jaketi la ngozi na buti za bei, anayepita hapo amempakia mchumba wake kwenye pikipiki kubwa. Wiki nzima ameiendesha peke yake. Anaondoka kwa kishindo, kichwa cha msichana kinarudi nyuma, anakanyaga breki kwenye tuta la kwanza, helmeti ya msichana inagonga yake: kwa! Huyo ndiye anayehitaji mwongozo. Kijana wa steji hauhitaji, ila kwa mambo mawili. La kwanza ni mishikaki, yaani watu wawili au watatu nyuma. Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, na sheria hiyo ina haki kabisa. La pili ni helmeti inayoning'inia kwenye kiwiko. Kiwiko hakina ubongo.

Uzito, na kwa nini taa yako inamchoma macho dereva wa lori

Gunia la mahindi ukilifunga kwenye keria linakaa pale ulipolifunga hadi ufike. Binadamu hafungwi. Anageuka kutazama twiga, anajikuna, anasogea mbele ukikanyaga breki, anaegemea nje mnapokata kona kwa sababu anaogopa kwamba mtaanguka ndani. Kilo 70 za mtu ni nzito kuliko kilo 70 za mahindi, na zimekaa karibu juu ya ekseli ya nyuma.

Kwa hiyo nyuma inashuka na mbele inainuka. Usukani unakuwa mwepesi, pikipiki inachelewa kuitikia kona, na taa ya mbele inaangaza matawi ya migunga badala ya lami. Ukirudi jioni kwenye Barabara ya Namanga, ambako malori ya kwenda na kutoka Tanzania hayaishi, taa hiyo inampiga dereva wa lori usoni kabisa. Rekebisha taa kabla ya safari, abiria akiwa amekaa, pikipiki ikitazama ukuta.

Shokomzoba ya nyuma ina pete ya kukazia springi. Kuna spana yake kwenye mfuko wa vifaa ulio chini ya kiti, ile ambayo wengi hawajawahi kuitoa kwenye karatasi. Itoe. Kaza pete ngazi mbili au tatu. Matairi nayo yana presha mbili zilizoandikwa kwenye kibandiko karibu na cheni au ndani ya kitabu cha pikipiki: moja ya mtu mmoja, nyingine ya watu wawili. Tumia ya pili, na uipime matairi yakiwa baridi, si baada ya kuteremka Magadi ambako hata jiwe limechemka.

Cheni ndiyo husahaulika. Mtu wa pili akikaa, mkono wa gurudumu la nyuma hubadilisha pembe na cheni hukaza. Ukiwa umeikaza barabara ukiwa peke yako, ikibeba wawili itanyooka kama waya na kuanza kula beringi za sproketi. Mwambie abiria akae, kaa na wewe, halafu mtu wa tatu aishike cheni kwa kidole upande wa chini na kuona kama bado inacheza. Ni kazi ya dakika moja, na fundi yeyote wa Kitengela atakufanyia kwa bei ya soda.

Kichwa chake

Usimpe abiria helmeti mbovu. Najua ilivyo: yako umeinunua kwa pesa nyingi, ya abiria ni ile uliyoipata pamoja na pikipiki, ya plastiki nyepesi, ndani yake sponji imekuwa unga, na kamba ya kidevuni imefungwa fundo kwa sababu kifungo chake kilivunjika zamani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Namba hizo ni za helmeti iliyofungwa kichwani. Iliyofungwa fundo huruka kabla ya mtu kufika chini.

Mfungie mwenyewe, kwa adabu, ukiomba ruhusa kwanza. Kati ya kamba na kidevu vipite vidole viwili, visizidi. Kisha ishike helmeti kwa mikono miwili uizungushe taratibu: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Ikizunguka peke yake, ni kubwa. Kama abiria ana rasta au nywele zimesukwa mlima, mwambie mapema, siku moja kabla, ili apange nywele zake. Kumwambia mtu asubuhi ya safari kwamba nywele alizokalia saluni kwa saa nne hazitoshei kwenye helmeti ni kuianza safari kwa vita, na atakayeshindwa ni wewe. Kitambaa chepesi cha hariri au pamba chini ya helmeti huzuia harufu na kulinda nywele. Nunua viwili uvifue.

Nguo zenye ncha

Shuka la Kimasai linapendeza likipeperuka, na ndivyo hasa lisivyopaswa kufanya juu ya pikipiki. Mwaka 1927 huko Nice, Ufaransa, mcheza dansi maarufu Isadora Duncan alikufa baada ya skafu yake ndefu kujizungusha kwenye gurudumu la gari la wazi alilokuwa amepanda. Na lile lilikuwa gari. Pikipiki haina hata mlango. Leso, skafu, mtandio, mkanda wa mfuko, kamba ya jaketi: kila chenye ncha kikunjwe, kikaliwe au kifungwe fundo mbele.

Wahindi walilielewa jambo hili wakaliandika kwenye sheria. Kanuni zao za magari za 1989 zinataka kila pikipiki inayobeba abiria iwe na kishikio cha mkono, vikanyagio, na kinga inayofunika nusu ya gurudumu la nyuma, ili sari isiingie kwenye spoki. Kwa vile pikipiki nyingi tunazoendesha zinatoka India, kinga hiyo huja nayo, ule utepe wa vyuma vyembamba upande wa kushoto. Na cha kwanza ambacho vijana wetu hufanya wakinunua pikipiki ni kuing'oa, eti inaharibu sura. Jamani, sura ya nani? Irudishe. Kama uliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee nyingine.

Ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia, shavu la mguu wa abiria liko hapohapo, na ngozi ikigusa chuma hicho baada ya kilomita 50 alama yake haitoki maishani. Suruali ndefu nzito. Viatu vya kufunga. Ndala zibaki Kitengela. Na kukaa upande, miguu yote kushoto, kunaweza kuvumilika kwenye safari ya kwenda sokoni kwa mwendo wa polepole, lakini si kwenye mteremko wa Kona Baridi. Mtu aliyekaa upande hana goti la kubana wala kikanyagio cha pili cha kusukuma. Mama akitaka kuvaa sketi, avae suruali ndani yake, aivue mkifika.

Mkataba

Kabla injini haijawaka, ongeeni. Injini ya silinda moja ikishaanza kupiga hamtasikilizana tena, na mkiingia kwenye upepo wa Kapiti hata kelele za kuitana hazifiki. Kwa hiyo mikono ndiyo itakayosema. Pigo moja begani, punguza mwendo. Mapigo mawili, simama sasa, na usiulize sababu mpaka umesimama. Abiria asieleze kwa nini anataka kusimama. Kibofu ni chake.

Kwenye kona mwambie neno moja tu: atazame juu ya bega lako la upande mnaokata. Mkikata kulia, bega la kulia. Ukimwambia "lala na mimi kwenye kona" utazua mambo mawili: mwenye woga atakakamaa, na mwenye bidii atalala kuliko wewe. Macho yakielekea bega lile, mwili unafuata wenyewe kwa kipimo sahihi. Hili linafanya kazi kwa mtoto wa shule ya upili na kwa nyanya wa miaka 70.

Mikono yake: mmoja kwenye kishikio cha nyuma, mwingine kiunoni mwako. Wa kiunoni unamzuia asirudi nyuma mkiongeza mwendo, wa nyuma unamzuia asije mbele mkikanyaga breki. Ila ukimbeba mama mkwe mambo yanabadilika. Katika jamii zetu nyingi mkwe na mama mkwe hawagusani, na mwongozo wa pikipiki hauwezi kuja kuvunja heshima ya watu. Funga sanduku imara nyuma ya kiti apate pa kuegemea, hakikisha kishikio kina pande mbili, na uendeshe kwa upole ambao hautamlazimisha kukushika. Kusema kweli, kila abiria angeendeshwa kana kwamba ni mama mkwe, wodi zetu za mifupa zingepata nafasi.

Kupanda

Hapa ndipo pikipiki nyingi huanguka, zikiwa zimesimama. Kiti cha pikipiki ya aina hii kiko sentimita 80 kutoka chini au zaidi, na abiria aliyezoea Boxer hupanda kabla hujajiandaa. Anakanyaga kikanyagio cha kushoto kama ngazi, uzito wote unaenda kushoto, na mguu wako mfupi hauna pa kusimama. Mkae mkiambizana hivi:

"Shangazi, subiri kwanza. Usipande hadi niseme."

"Kwani hii yako ni ndege?"

"Si ndege shangazi, ni ndefu. Haya sasa. Weka mkono begani kwangu, mguu wa kushoto ukanyage hapa, ule mwingine uupitishe nyuma."

"Na nikikuegemea hivi hutaanguka?"

"Sianguki, nimeshika breki. Egemea tu."

Breki ya mbele imebanwa, miguu yote miwili iko chini, stendi imeshapandishwa. Abiria apande kutoka kushoto, kwa sababu upande huo hauna ekzosi, na kwa sababu sisi huendesha kushoto, kwa hiyo ndio upande wa ukingo wa barabara na si wa matatu zinazopita. Kushuka vilevile, na kushuka nako kunasubiri ruhusa. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio habebwi. Hili halina mjadala.

Mwendo

Mgongano wa helmeti ndio kipimo chako. Kila helmeti yake inapogonga yako, umefanya kosa: umeachia gesi ghafla, au umekanyaga breki umechelewa, au umebadilisha gia kwa pupa. Silinda moja kubwa ina mvuto wa ghafla chini na breki ya injini yenye nguvu, na ukifunga gesi mara moja mtu wa nyuma anakujia mzima. Fungua kidogokidogo, funga kidogokidogo. Badilisha gia mapema, shika ya juu, uiache injini ivute. Tazama mbali ili breki uianze mbali. Kwa kuwa gurudumu la nyuma sasa lina uzito, breki ya nyuma inafaa kuliko ilivyokuwa ukiwa peke yako. Anza nayo kidogo, kisha ya mbele, zote kwa upole. Na acha nafasi kubwa mbele yako.

Kuna wanaume wanaokanyaga breki makusudi ili msichana awagonge mgongoni. Tunawajua, na wasichana wanawajua zaidi. Ni tabia ya kitoto, inachosha shingo ya mtu aliyekuamini, na kila msichana mwenye akili huimaliza safari hiyo kwa kufuta namba ya simu. Acha.

Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, hulipuka mara 2,000 kwa dakika hiyo, na kila mlipuko hufika kwenye unyayo wa abiria kupitia kikanyagio. Vikanyagio vyake viwe na mpira, si chuma kitupu. Kisha tafuta mwendo ambao mtetemo unatulia. Kila silinda moja ina mahali pake, na kwa nyingi za kati ni karibu kilomita 80 kwa saa. Baki hapo hata kama barabara ya Isinya inakuita uongeze. Upepo wa kando pale huja bila kitu cha kuuzuia, na watu wawili ni ubao mpana zaidi wa kusukumwa.

Tuta likikaribia, piga paja lake mara moja kwa kiganja au toa mkono wa kushoto umwoneshe. Asimame kidogo kwenye vikanyagio. Matuta ya Kajiado mengine hayana rangi wala ishara, na uti wa mgongo wa abiria hauna shokomzoba. Mbuzi na ng'ombe wana haki ya kwanza barabarani; mchungaji aliye nao mara nyingi ni mtoto, na honi yako inawatawanya wanyama ambao yeye ndiye atakayewakimbiza. Punguza hadi mwendo wa kutembea, pita nyuma ya kundi, mpungie mkono.

Kona Baridi kwenda chini

Jina la Kona Baridi si la kubuni. Upepo wake ndio ule unaozungusha mitambo ya umeme ya KenGen juu ya Milima ya Ngong, na mwezi wa Julai utamkuta abiria anatetemeka. Simama hapo. Mwache ashuke, atembee, aone bonde lote lililolala chini hadi kuta za Nguruman. Ameketi nyuma yako tangu Kitengela akitazama kola ya jaketi lako. Hapa ni zamu yake ya kuona. Na mwambie ukweli kuhusu joto linalokuja, ili apunguze sweta sasa.

Mteremko wote uushuke kwa gia ya tatu au ya pili, injini ikishika, breki zikipumzika. Ukizitegemea breki pekee zitapata moto na kulegea, na nyuma yako kuna mtu anayekusukuma kwa mapaja bila kutaka. Mikono yako itachoka. Mwambie abane kiti kwa magoti na avute kishikio cha nyuma. Lami ya Barabara ya Magadi ni nyembamba na kingo zake zimemegeka, kwa hiyo basi likija mbele usiteremke kwenye changarawe kwa mwendo. Punguza kwanza, ukiwa bado juu ya lami.

Wakati wa kurudi hesabu ni nyingine. Mita 1,400 hivi za kupanda, na injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko kwa sababu hewa ni nyepesi. Farasi zako 24 zitafika Kona Baridi zikiwa 19 hivi, zimebeba wawili. Injini ikianza kugonga chini, shusha gia mapema. Usiikemee.

Hoteli ya Olepolos iko hapo chini kidogo, na nyama choma yake ina sifa ya haki. Kuleni mkirudi. Abiria aliyeshiba mbuzi kisha akaingia kwenye joto la bonde hulala, na abiria aliyelala ndiye hatari kubwa kuliko zote katika safari hii, kubwa kuliko pundamilia. Utamjua kwa helmeti: haigongi tena kwa breki, inagonga yenyewe, taratibu, bila sababu, kisha uzito unaanza kuvuta upande mmoja. Usipige kelele, usigeuke. Punguza polepole, simama kivulini, mpe maji. Bebeni lita mbili kila mtu, na mnywe kabla ya kiu, kwa sababu upepo hukausha jasho na mtu haoni anavyopungukiwa.

Mahali pazuri pa kumwamsha mtu ni Olorgesailie. Makumbusho yako hapo tangu 1947, na chini ya mapaa yake yamelala maelfu ya shoka za mawe ambazo Mary na Louis Leakey walizifichua miaka ya 1940; nyingine zina umri wa karibu miaka milioni moja. Kuna kivuli, kuna njia ya kutembea ya kurudisha damu miguuni. Nusu saa hapo ina faida kuliko saa nzima ya kukazana.

Magadi

Ziwa utaliona jeupe, mahali pengine jekundu, na harufu ya magadi itafika kabla yenu. Kampuni inayoyavuna iliundwa 1911, leo inaitwa Tata Chemicals Magadi, na magadi yake huenda viwanda vya vioo. Reli inayoyabeba, kupitia Kajiado hadi Konza, inakatiza mjini. Ivuke kwa pembe ya kunyooka, usiifuate kwa upande, maana tairi ya mbele iliyo nyepesi huteleza kwenye chuma.

Usiendeshe juu ya ziwa. Gamba jeupe linaonekana gumu mno, na chini yake kuna matope ya chumvi yatakayomeza pikipiki yenye watu wawili hadi ekseli. Baki kwenye tuta la barabara linalokatiza ziwa kuelekea chemchemi za maji moto, na mahali penye mchanga au matope mshushe abiria atembee. Si aibu. Atafurahia kutembea, heroe wako pale majini, na wewe utavuka ukiwa mwepesi. Mkifika penye maji baridi, osha cheni na spoki. Magadi hula chuma.

Kisha kaeni kivulini mjini, kunyweni chai, na mwulize waziwazi safari ilikuwaje. Mwulize kuhusu shingo, nyayo na kiuno, umsikilize bila kujitetea, kwa sababu saa mbili za kupanda zinakuja na ni yeye anayejua ulivyoendesha. Akisema anarudi na matatu hadi Kiserian, msindikize hadi stejini na umlipie nauli. Helmeti yake ifunge kwenye kiti cha nyuma kwa kamba mbili, pandisha polepole, na umngojee Kiserian mbele ya steji ya matatu, ili kutoka pale hadi Kitengela achague mwenyewe.